Mistari ya Koti

Mwaka ule wa 1973, watu waliokimbia Uganda walikuwa wengi Nairobi, na Nyanya Peres alikuwa amezoea kuwatambua: walishukuru hata wakikanyagwa. Bwana Kasirye, aliyeketi mbele yake katika basi la Kangemi, alikuwa mmoja wao. Aliyeketi kando ya Kasirye, fundi cherehani aitwaye Waweru, alikuwa amelikodolea macho koti la mwenzake tangu mjini.

"Ndugu, mistari ya mfuko imekutana na ya koti mpaka mfuko hauonekani. Nani alikukatia?"

"Nilikata mwenyewe. Kampala nilikuwa mkataji wa nguo miaka tisa."

"Na hapa?"

"Nashona vifungo. Naingilia mlango wa nyuma."

"Vifungo! Ng'ombe wa maziwa amefungwa alinde kuku!"

Nyanya alichekea ndani ya leso yake.

"Cheti kilibaki nyumbani, bwana."

"Cheti si hicho umevaa? Dukani kwetu mkataji ameacha kazi. Njoo kesho saa mbili, nitakupeleka kwa tajiri."

"Nikikosa kazini kesho, kufika saa nne vifungo vyangu vina mtu mwingine. Nina watoto watatu."

"Basi ushone vifungo mpaka uzeeke?"

"Wewe ukifukuzwa una kwenu, bwana."

Waweru akalitazama tena lile koti.

Basi liliposimama, Kasirye alishuka, lakini mguu mmoja ukabaki kwenye ngazi, huku kondakta akigonga bati.

"Huko dukani," akauliza, "mkataji huingilia mlango wa mbele au wa nyuma?"

"Wa mbele!" Waweru akapaza sauti, basi likiondoka. "Wa mbele, bwana!"