Mstari wa Nne

MSUMARI: Haloo? Nani huyo?

MWALIMU: Haloo, habari za kazi? Naongea na Msumari, yule msanii?

MSUMARI: Msanii wa mageti. Nipo nachomelea hapa, sema haraka. Namba kakupa nani?

MWALIMU: Imeandikwa kwenye geti la jirani yangu. Mimi ni mwalimu. Nataka kufundisha wimbo wako, kidato cha tatu, kipindi cha ushairi.

MSUMARI: [Anacheka] Jana mwenzako kaniambia nimeshinda pikipiki. Namba ya siri sikupi.

MWALIMU: Sitaki namba ya—

MSUMARI: Basi mnataka kuufungia. Rap na shule wapi na wapi?

MWALIMU: Sikiliza. "Mama kafa Jumatatu, kesho yake darasani. Mwalimu kaomba kitu, nikampa cha moyoni. Kakitia sifuri tu, nikatoka mlangoni." Mizani nane kwa nane! Vina vya kati "tu", vya mwisho "ni". Wanafunzi wamehesabu wenyewe. Hili ni shairi, wala si—

MSUMARI: Wala si nini?

MWALIMU: Ni shairi, basi.

MSUMARI: Malizia. "Wala si kelele za wahuni." Ndivyo ulivyosema uliposoma shairi langu mbele ya darasa, wakacheka mpaka basi.

MWALIMU: Umenitambua.

MSUMARI: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu.

MSUMARI: Miaka kumi na moja. Leo unataka nini kwangu? Na huyo anayekohoa ni nani? Umeniweka spika!

MWALIMU: Darasa zima linasikia.

MSUMARI: Ahaa! Wanicheke tena. Nakata—

MWALIMU: Usikate! Wameniuliza mwalimu huyo wa kwenye wimbo ni nani. Wiki nzima nawazungusha. [Mtandao unakwaruza] ...ni mimi. Watoto, mwalimu huyo ni mimi.

MSUMARI: [Anazima mashine ya kuchomelea]

MWALIMU: Upo?

MSUMARI: Unasema hivyo kwa sababu wanakusikia.

MWALIMU: Nilikudhalilisha mbele ya darasa. Ningekunong'oneza leo, ungeniamini?

MSUMARI: Hata sasa sijui kama nakuamini.

MWALIMU: Sikujua mama amefariki.

MSUMARI: Hukuuliza.

MWALIMU: Sikuuliza. Wanafunzi wana swali jingine. Ubeti una mistari mitatu. Penye wa nne ni ngoma tupu. Uliusahau?

MSUMARI: Ningeusahau vipi? Ulikuwa wako huo. Mimi nitajuaje ungesema nini?

MWALIMU: Salio linaniishia, mwanangu, linalia tii tii—

MSUMARI: Basi sema!

MWALIMU: "Nisamehe, mwanangu. Sikujua, na sikuuliza."

MSUMARI: Vina vimekataa.

MWALIMU: Najua.

MSUMARI: Mizani nayo imekwenda upogo.

MWALIMU: Najua, mwanangu.

MSUMARI: Waandike hivyo hivyo, mwalimu. Asirekebishe mtu hata ne—

[Simu inakatika]