Mipira Midogo ya Placide

Katika lori tulilopanda kutoka Kasongo, Placide alikuwa amepakata mpira mdogo wa motokari. Fundi Gérard, aliyekaa mbele yake, akacheka. "Ndugu, motokari umeishusha mpaka inatambaa kama kenge, na sasa unaivalisha mipira midogo? Weka mikubwa!"

"Mikubwa itaiinua. Baba ataingia namna gani?"

"Mutamubeba."

Placide alisimama kwa hasira, lori likamkalisha. "Baba alibeba wazungu kwa kipoyi, kiti chao begani mwake, toka Nyangwe mpaka Kabambare. Magoti yaliisha hapo. Ameapa hakuna mutu atamubeba, hata mimi mutoto wake. Ataingia mwenyewe, kama anayekaa barazani kwake."

"Na kile kinundu cha majani katikati ya njia? Kitang'oa vyuma vyote vya chini."

"Nitakichimba."

"Barabara ya Leta, ya serikali! Umeomba ruhusa?"

"Na magoti ya baba, Leta iliomba ruhusa kwa nani?"

Lori likasimama Wamaza. Placide akarusha mpira chini, akaufuata, kisha akaninyooshea mkono. Nilikuwa nimekalia jembe lake.