Mama Chaki, Aliyeandika Alichokiona
1961–2024

Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada, chini ya picha. Humu ndani tutamwita kwa lile aliloitikia, Mama Chaki, kwa sababu hata sisi wa nyumbani tulilizoea, na ukimwita kwa jina la kwenye cheti alikuwa hageuki. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho. Hajazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo atasoma kama alivyoandika, na anaomba asikatizwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, saa kumi alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, ambako baba yetu alikuwa mpima mizani. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Hiyo saa kumi tumeipata kwa mama. Yeye mwenyewe kila alipoitaja alikuwa anaongeza, "Mimi lakini saa sikuiona."

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza 1974 akiwa wa kwanza darasani. Akiwa darasa la tano alifanywa kiranja, na siku moja mwalimu alitoka akamwachia kazi ya kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Mwalimu aliporudi akakuta majina saba, na la kwanza ni la kiranja mwenyewe.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unaandika?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini nilikuwa napiga kelele ya kuwanyamazisha."

Alichapwa pamoja na wenzake sita. Tukio hilo tulilicheka nyumbani miaka mingi. Alikwenda sekondari miaka miwili tu. Mwaka 1977 mama aliugua mgongo hata akawa hawezi kuinuka, baba alikwishafariki, na kulikuwa na mtoto wa miaka mitano wa kuogeshwa na kulishwa. Mtoto huyo ndiye anayesoma hapa. Dada alifunga vitabu vyake kwenye gunia, akalitundika darini, na hakuvidai tena. Mtoto alipofika umri wa shule alikuta tayari anajua kuandika, kwa sababu dada alimshika mkono akamfundisha herufi kwa kipande cha chaki kwenye mlango wa jikoni. Mwandiko wao ukawa mmoja. Hata mama alikuwa hawezi kuutofautisha. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mhudumu wa ukumbi wa mikutano wa kata. Kazi ilikuwa kufagia, kupanga viti, na kutunza funguo. Ubao mweusi uliokuwa ukutani nje ya ukumbi ulikuwa wa matangazo ya ofisi, na miezi mingi ulikaa mtupu. Mwaka 1991 akaanza kuandika habari. Hakuna aliyemtuma. Alipita kwa mkunga, kwa msaga nafaka, kwa wachungaji na kwa askari wa wanyamapori, akirudi anaandika. Sharti lake lilikuwa moja, na kila aliyempelekea habari alilijua: "Nani kaona?" Ukishindwa kujibu, unarudi na habari yako kama ulivyokuja nayo.

Wengi wenu mmekua mkisoma ubao ule. Mtakumbuka haya: "Mke wa msaga nafaka amejifungua mapacha. Mkunga kawaona wote wawili, nami nimewaona." Na hili: "Tembo saba wamevuka barabara ya ghala saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi kawahesabu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa anakimbia." Na hili, lililomletea maneno: "Mkutano wa kamati ya maji haukufanyika. Wajumbe wanne walikuja. Mwenyekiti hakuja."

Mwenyekiti alimfuata hadi ukumbini. "Mama Chaki, kulikuwa na haja gani ya kuandika nani hakuja?"

"Kwani ulikuja, mwenyekiti?"

"Sikuja."

"Basi mbona tunaelewana."

Alifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1986 na dereva wa trekta la ushirika, ambaye ndiye yule aliyekaa kwenye kiti karibu na jeneza. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Shemeji yetu ni mtu wa mzaha. Walipotimiza miaka kumi alimwomba amwandike ubaoni kuwa yeye ni mume bora katika kata nzima. Dada akamtazama juu hadi chini. "Nani kaona?" Tangu hapo shemeji alikuwa akitambulishwa mahali anasema, "Mimi mume wa Mama Chaki, habari yangu bado inachunguzwa."

Kwa miaka ishirini na sita watu wa hapa walipanga njia zao kwa kusoma ubao. Nyati wakiwa bondeni, wanafunzi walipelekwa kwa makundi. Viboko wakiwa kivukoni, watu walizunguka darajani, mwendo wa saa nzima zaidi, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa Mama Chaki akisema wapo, wapo. Mwaka 1994 alimwombea mdogo wake wa mwisho kazi ya utarishi katika ofisi hiyo hiyo ya kata. Alimdhamini kwa maneno, akasema, "Huyu hasemi sana, lakini akitumwa anafika." Mdogo wake amekuwa tarishi hapo hadi leo, miaka thelathini. Na ni kweli, kila alipotumwa alifika.

Sasa tunafika mwaka 2017. Tulishauriwa tuandike hapa kwamba mwaka huo marehemu alistaafu. Hakustaafu.

Mwaka ule ofisi ilipata mtendaji mpya, na kulikuwa na wageni waliokuwa wakija kutazama ardhi ya kando ya mto, wanataka kujenga nyumba ya kulala wageni. Mtendaji alimwita dada ofisini. Tarishi alikuwepo, amebeba mafaili.

"Ubao wako unatutia aibu," mtendaji akasema. "Mgeni anashuka kwenye gari, la kwanza anasoma fisi, la pili anasoma nyati. Nani atajenga hapa?"

"Fisi na nyati wakiondoka, nitaandika kuwa wameondoka."

"Sikukatazi kuandika. Weka tu 'inasemekana' mwanzoni. Ni lugha ya kiofisi. Hata magazeti yanaandika hivyo."

"Magazeti hayavuki mto wetu," dada akajibu. "Mimi siandiki linalosemekana, bwana mkubwa. Naandika lililoonekana."

Huko ofisini neno hilo huenda ni adabu. Kwetu lina kazi moja: ni neno la kumsema mtu bila kuulizwa umeyatoa wapi. Halikuwahi kukanyaga ubao ule hata siku moja.

Alhamisi tarehe 9 Novemba 2017, saa mbili asubuhi, marehemu aliandika hivi: "Kiboko jike na mtoto wake wako kivukoni, upande wa matete. Mchungaji kawaona saa kumi na mbili, nami nimewaona saa moja na nusu. Tupite darajani." Kisha akaenda zahanati kumchukulia mama dawa. Kama kawaida yake aliacha nafasi ya kiganja kimoja mwanzo wa mstari, ili mkono wa gauni usifute herufi. Wageni walikuwa wanatarajiwa saa tano. Saa nne mtendaji alimwita tarishi, akampa chaki, akamwambia, "Neno moja tu. Nafasi ipo." Tarishi alitoka nje. Ubao ulikuwa haujakauka vizuri pembeni, kwa kuwa dada aliufuta kwa kitambaa kibichi. Akaandika neno lile kwenye nafasi ya kiganja, kwa mwandiko aliofundishwa kwenye mlango wa jikoni. Likasomeka: "Inasemekana kiboko jike na mtoto wake wako kivukoni." Na ule mstari wa mchungaji aliagizwa aufute, akaufuta.

Saa tano kasoro fundi baiskeli alifika akisukuma baiskeli ya mteja wa ng'ambo ya mto. Alisimama akasoma kama alivyosoma kila siku. Fundi viatu, aliyekuwa akishona barazani, alimwambia apite darajani. Fundi baiskeli akacheka. Fundi viatu yupo hapa, na maneno aliyasikia kwa masikio yake: "Leo hata Mama Chaki anasema inasemekana! Kama yeye hajaona, nani kaona?" Akashika njia ya kivuko. Alipatikana saa saba mchana. Baiskeli ya mteja haikuwa na mkwaruzo.

Kamati ya watu watatu ilikaa ukumbini tarehe 22 Novemba. Tarishi ndiye aliyepanga viti na kumimina maji kwenye bilauri. Mwenyekiti wa kamati alimwonyesha dada picha ya ubao.

"Neno hili la kwanza, uliliandika wewe?"

Dada aliitazama picha muda mrefu. Halafu akainua macho, akamtazama tarishi, aliyekuwa amesimama na jagi mkononi. Watu walidhani anaomba maji.

"Mwandiko ni wangu," akasema.

Kamati iliandika kwamba amekiri, na kwamba alitoa tahadhari kwa lugha isiyo na uhakika. Aliambiwa arudishe funguo. Ubao ukang'olewa, ukawekwa stoo nyuma ya mapipa ya rangi, na mahali pake pakawekwa sanduku la kioo lenye kufuli. Mtendaji alihamishwa mwaka uliofuata kwenda wilayani, kwa cheo kikubwa zaidi. Leo ametuma shada la maua, lile lenye utepe. Wageni wa nyumba ya kulala hawakurudi.

Dada hakusema uongo mbele ya kamati. Hakuwahi kusema uongo, hata siku ile. Mwandiko ulikuwa wake, alimpa mtu. Nyumbani alimwambia mdogo wake mara moja tu, wakichambua maharage: "Ile k ya kwenye picha ina mguu mrefu. Nilikukataza toka ukiwa mdogo." Akaendelea kuchambua. Hakulitaja tena kwa miaka sita, na mdogo wake aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, akipita mbele ya lile sanduku la kioo.

Miaka sita hiyo watu waliacha kumpelekea habari. Sokoni walimpisha njia kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika. Watoto walimtungia jina jipya, wakimwita Bibi Inasemekana, na wazazi walisikia wakanyamaza. Leo viti vyote vimejaa, hadi vingine vimeazimwa shuleni. Tungeshukuru kuona nusu yake akiwa hai.

Aliugua presha mwaka 2020, na mwaka 2022 figo. Alilazwa hospitali ya wilaya tarehe 19 Januari mwaka huu, wodi ya nne, kitanda cha dirishani. Hakuacha tabia yake. Aliwaambia wauguzi ni paka wangapi wanalala chini ya tanki la maji, na akawasahihisha walipobisha. Jumanne tarehe 6 Februari, baada ya chakula cha mchana, ndege mkubwa alitua juu ya bati la jiko. Dada alikuwa hawezi tena kugeuza shingo.

"Ni ndege gani huyo anayekwaruza?"

"Nafikiri ni hondohondo, dada."

"Unafikiri, au umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi sema."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alifariki saa tisa na dakika kumi alasiri. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono, na saa ya ukutani aliiona.

Kwa hiyo anasema. Neno lile nililiandika mimi. Ule mstari wa mchungaji niliufuta mimi. Niliagizwa, lakini chaki ilikuwa mkononi mwangu, na mbele ya kamati mdomo ulikuwa wangu. Dada hakumpoteza mtu yeyote. Mjane wa fundi baiskeli amekuja leo, amekaa kule nyuma karibu na uzio. Amekuja kumzika mtu ambaye yeye aliambiwa ndiye aliyemponza mume wake. Mama, umemnunia mtu asiyestahili kwa miaka sita. Aliyestahili alikuwa akikuletea barua za ofisi mlangoni, nawe ukimkaribisha maji. Sikuombi kitu. Nilitaka ulisikie hili wakati dada bado yuko juu ya ardhi. Barua ya kukiri nimeiacha ofisini jana, na nakala ninayo mfukoni kwa atakayeitaka.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na mama yetu mwenye miaka themanini na minne, ambaye bado anauliza kwa nini ubao uliondolewa. Jana jioni shemeji na fundi viatu walikwenda stoo, wakautoa. Uko pale, umeegemezwa ukuta wa nyumba, na tukishamzika itaandikwa juu yake habari moja tu:

"Jumamosi, tarehe 10 Februari 2024, saa nane mchana. Mama Chaki amezikwa. Sote tumeona."

Alale salama, na jina lake lilale safi.