Jogoo Aliyeitwa Daktari

Bwana asifiwe, wapendwa! Na mliokaa nje chini ya turubai nanyi muitikie, maana leo nina la kusema na sitaki mtu aje kuniambia hakusikia.

Kwa wageni wetu, mimi naitwa Kemilembe. Nimekulia hapa hapa Mwanza, katika kanisa hili hili: ubatizo, kipaimara, kwaya ya vijana, vyote humu ndani. Wazazi wangu walitoka Bukoba. Baba ni mwalimu mstaafu, mama anauza ndizi sokoni. Mnatutania Wahaya kwamba tunajisikia kwa kusoma, mnatuita nshomile, na leo sikatai. Nimesimama hapa kujivuna. Namjivunia Mungu wangu, namjivunia mama yangu, na mchungaji akinipa nafasi nitajivunia na samaki. Subirini, mtaelewa.

Ndugu zangu, nilipomaliza kidato cha sita nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kusomea udaktari katika chuo kikuu kimoja kule Dar es Salaam. Baba alinitajia chuo hicho tangu sijaweza kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Matokeo yangu ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, yalipotoka yakiwa mazuri, nyumbani palikuwa kama pana harusi. Nikaomba chuo kile. Kwa usalama tu nikaomba na chuo kingine, na huko nikachagua kozi ya ufugaji wa samaki, kwa sababu shangazi yangu anafuga sato ziwani na sikuwa na kingine cha kuandika.

Sasa mama yangu. Mnajua desturi yetu hapa: Mungu akikutendea jambo, unakuja nalo Jumapili, unasimama mbele na shukrani yako mkononi. Watu wengi husubiri kwanza wapokee. Mama hakusubiri. Majina ya waliochaguliwa yalikuwa bado hayajatoka, yeye akasimama pale mbele amekumbatia jogoo mwekundu, akasema, "Namshukuru Mungu kwa kumchagua binti yangu kuwa daktari." Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, nimenyoosha shingo kama twiga.

Baada ya ibada mkatoka nje kwenye mnada, kama kawaida yetu, sadaka za mazao na mifugo zikauzwa. Mpiga mnada wetu, yule pale anacheka, akamwinua jogoo juu akatangaza, "Huyu ndiye Daktari! Nani anakwenda na Daktari nyumbani?" Mzee Masanja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akapandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Akampakata jogoo akanigeukia. "Mayu," akaniambia, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "huyu simchinji. Atakungoja mpaka uvae koti jeupe. Siku hiyo ndiyo tunamla."

Majina yakatoka. Langu halikuwemo.

Nilitazama simu, nikaizima, nikaiwasha, nikatazama tena. Baba alinitazama usoni akajua kabla sijafungua mdomo. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mama akaendelea kumenya ndizi. Ndugu zangu, kukataliwa kunauma. Ukiwa umekataliwa peke yako chumbani, utalia, utanawa uso, utaendelea na maisha. Mimi nilikataliwa mbele ya kanisa zima, na jina nikiwa nimeshapewa. Nikienda dukani: "Daktari, unaondoka lini?" Nikipita stendi: "Daktari, usitusahau." Walikuwa wananipenda, wala hawakuwa na ubaya. Ila kila salamu ilikuwa inanichoma.

Na jogoo je! Alikuwa anawika kabla ya muadhini. Akishawika, Mzee Masanja anatoka uani kumpa mahindi, nami nipo kitandani nasikia ng'ambo ya ukuta, "Dakitari! Njoo ule, Dakitari!" Nilimchukia kuku yule kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote.

Chuo cha pili kilinichagua. Ndiyo, kile cha samaki. Nilitakiwa kuthibitisha nafasi yangu, na mwisho ulikuwa Jumatatu fulani iliyokuwa inakuja mbio. Baba hakutaka kusikia. "Utakaa nyumbani mwaka mmoja," alisema. "Mwakani utaomba tena udaktari. Watu wameshakuita Daktari, Kemi. Mimi sikukusomesha ukakae na sato." Sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Aliona nikikubali kozi ile, basi tumekiri mbele ya watu kwamba tulishindwa. Nami nilikuwa naona hivyo hivyo. Nilikuwa najiuliza: nithibitishe niende nikasome nisichokitaka, au ningoje mwaka mzima ndani ya jina ambalo si langu, halafu nikataliwe tena?

Mama akanituma kwa shangazi, kule Luchelele ufukweni, nikapumue. Shangazi yupo kwenye kikundi cha akina mama wenye vizimba vya samaki, yale mafremu yenye nyavu mnayoyaona yakielea mbali kidogo na ufukwe. Sikwenda kujifunza chochote, nilikwenda kujificha. Lakini asubuhi moja tukafika vizimbani kwa mtumbwi tukakuta kilio. Kizimba kimoja samaki wote wanaelea, matumbo juu. Kizimba cha jirani yake wanaruka kama kawaida. Maji yale yale, chakula kile kile. Mmoja akasema ni jicho la watu, mwingine akasema chakula kimeoza, shangazi akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi akashika tama. Ilikuwa ada ya watoto wao ile, inaelea pale.

Wapendwa, niliinama nikatazama maji yale ya kijani, nikauliza, "Shangazi, kwa nini hawa wamekufa na wale hawajafa?"

"Ningejua ningekuwa nalia?" akanijibu.

Hilo swali likaniganda. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikauliza kila mtu pale ufukweni, kila mmoja akanitajia sababu yake. Nikagundua kwamba tangu siku ile majina yalipotoka, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutamani kujua jambo fulani. Nilikuwa nimeshasahau kwamba napenda kujua. Lakini aibu ilikuwa bado imenikalia kifuani. Nikawaza, nitarudi vipi nyumbani nikawaambie watu Daktari anakwenda kwenye samaki?

Nikarudi nyumbani Jumamosi, Jumapili nikaja kanisani nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ukafika wakati wa shukrani. Nani anasimama? Mama yangu! Safari hii amebebesha vijana mkungu wa ndizi. Baba akainamisha kichwa, mimi nikatamani sakafu inifunike.

Mama akasema hivi, wengi wenu mlikuwepo: "Mlinisikia nikishukuru kwa ajili ya huyu mtoto, na jogoo mlimwona. Chuo kile hakikumchukua. Tangu hapo watu wananipa pole, kama vile jogoo alikwenda bure. Nimekuja kuwaambia, shukrani yangu naiacha pale pale nilipoiweka. Sikumleta yule kuku ili Mungu aninunulie nafasi. Mtoto wangu ni mzima, ana akili zake, na Mungu ni yule yule. Leo nimeongeza na ndizi." Akaweka mkungu, akarudi kukaa.

Mzee Masanja akaanza kupiga makofi peke yake, mengine yakafuata.

Mtanisamehe, hapa huwa nalia. Ndugu zangu, aibu ilinitoka siku ile mchana kweupe, nimekaa kwenye benchi lile pale. Niliisikia inatoka! Mama aliisema habari yangu yote kwa sauti, mbele ya watu wale wale niliokuwa nawakimbia, na paa halikudondoka. Kama yeye, muuza ndizi, anaweza kukataliwa jambo na bado akashukuru na kuongeza, mimi namwogopa nani? Nikasema moyoni, Bwana, nipeleke kwenye lile swali. Nilipata amani ambayo siwezi kuieleza.

Jumatatu asubuhi nilithibitisha nafasi yangu kwa simu hii hii, mama yuko pembeni yangu. Baba nilimwambia mwenyewe, nimepiga magoti. "Baba, nimechagua samaki. Naomba unibariki." Alitoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Lakini siku ya safari ndiye aliyebeba begi langu mpaka stendi ya Nyegezi, akakataa nimsaidie. Basi lilipoanza kunguruma akasogea dirishani akasema, "Kemi, huko uendako usikubali kuwa wa pili." Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yenyewe, nami niliipokea kwa mikono miwili.

Sikuwa wa pili, wapendwa. Nshomile hadanganyi!

Leo nimemaliza, nimerudi, na kazi yangu ni vizimba, kuanzia Luchelele mpaka Nansio kule kisiwani. Koti jeupe sina. Nina mabuti ya mpira na jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa. Lile swali nililijibu: upepo ukitulia siku kadhaa na maji yakawa mazito ya kijani, samaki hukosa hewa, na wa kizimba kilichowekwa penye kina kifupi ndio huanza kufa. Msimu uliopita hali ile ile ilirudi. Niliwaambia akina mama wavute vizimba kwenye kina na wapunguze chakula. Wengine walinuna, lakini walivuta. Samaki wote wakaishi! Shangazi alinikumbatia na harufu zote za sato, na sijawahi kukumbatiwa vizuri hivyo. Na baba? Anatembea na picha zangu kwenye simu. Ukimsalimia tu, "Shikamoo Mwalimu," hata marahaba hajamaliza, ameshakuonyesha kizimba.

Ndugu yangu uliyekosa chuo mwaka huu, au kazi, au mchumba, siwezi kukuahidi kwamba utarudishiwa kile kile. Mimi sikurudishiwa. Nakuomba umwamini Mungu na mlango huo uliobaki wazi, hata kama uliuomba kwa usalama tu. Umwamini kabla hujajua kilichomo. Na usijifiche na aibu yako, ilete hapa mbele kama mama alivyoleta yangu.

Namalizia. Juzi Mzee Masanja alinisimamisha getini akaniuliza, "Mayu, nimengoja koti jeupe mpaka jogoo kazeeka. Nifanyeje naye?" Nikamwambia, amrudishe alikotolewa. Ndiyo huyo mnayemsikia hapo nje amefungwa kwenye nguzo, ananidakia maneno tangu nianze kusema. Baada ya ibada atapanda tena mnadani, kwa jina lile lile, maana sasa halinichomi. Ila nawaonya mapema mnaopenda kushindana. Baba yangu, ambaye siku zile alikuwa anapita mlango wa nyuma asiuone mnada, leo amekaa mstari wa kwanza, amevaa suti, na ameniambia jogoo huyu haendi kwa jirani tena.