Bibi Mmoja wa Watu Kumi na Mmoja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utumishi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Wenzetu wa jikoni, getini na wodini. Mabibi na mabwana.

KARIBU KWETU

Sisi wafanyakazi wa chumba cha kufulia tunakukaribisha kwa heshima zote. Tunajua umeacha mengi ofisini ili uje kutukabidhi vyeti vya mtihani wa Kiingereza. Vyeti vimepangwa mezani, na kitambaa kilichotandikwa tumekipiga pasi wenyewe.

Tunaomba radhi mapema. Risala aliyoipitisha msimamizi wetu ilikuwa ya shukrani tupu, ukurasa mmoja na nusu. Hii siyo ile. Msimamizi haijui, na kama sasa hivi anatukodolea macho, ana haki.

HISTORIA YETU

Kila mwaka hospitali hutangaza nafasi chache za ukarani wa wodi. Mtihani ni wa ushindani, wote kwa Kiingereza: sarufi, msamiati, ufahamu wa kusoma, na aya moja ya kujitungia. Hakuna mtu wa kufulia aliyewahi kuupita. Kiingereza chetu kilikuwa cha kwenye magunia ya sabuni, basi.

Siku moja karani wa masjala alikuja kuhesabu mashuka, akamkuta mzee wa boila, anayetuchemshia maji ya kufulia, ameinamia gunia, anasoma maandishi herufi moja moja kama anayepita kwenye utelezi. Hakumcheka. Kesho yake mchana alirudi na chaki. Hatukumwomba. Tulikuwa kumi na mmoja, ubao ukawa mlango wa kabati la mashuka, daftari zikawa fomu za zamani zilizoandikwa upande mmoja. Tulimwita Mama Nukta, kwa jinsi alivyochukia sentensi isiyo na mwisho.

MAFANIKIO

Yapo. Mzee wa boila, ambaye zamani akiulizwa swali lolote na mgeni alijibu "yesi", hata akiulizwa anaumwa wapi, alifika mahali pa kusoma habari nzima na kutueleza nani kafanya nini na kwa nini.

Lakini kuna fanikio moja ambalo ni lazima tulieleze vizuri.

Mama Nukta alitaka tuone aya inavyojengwa. Akaandika mlangoni kuhusu bibi yake mzaa mama: alikuwa mwembamba, aliongea polepole, hakuwahi kumaliza chai yake, kila mara alibakiza kidogo kikombeni kwa ajili ya atakayeingia. Tukaisoma pamoja. Kisha akachukua kitambaa kibichi akaifuta yote.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Nyie andikeni wenu. Na msikariri, jamani. Mtihani unawataka nyie, haunitaki mimi."

Alikuwa amechelewa. Mpiga pasi wetu alikwisha kuinakili nyuma ya fomu.

Mheshimiwa, sisi tumefundishwa kazi hivi: mmoja akishapata mkunjo mzuri, wote tunaufuata. Shuka lililokunjwa tofauti hurudishwa kutoka wodini. Tukaiona ile aya imekunjwa vizuri, tukasema ya nini kuhangaika. Tuliikariri tukikunja mashuka wawili wawili, sentensi moja kwa kila mkunjo, na mwalimu akiingia tunanyamaza.

Siku ya mtihani, swali la aya lilitaka mzee unayemheshimu. Tulifurahi sana, tunakiri. Watu kumi na mmoja tukaandika bibi mmoja. Hata mzee wa boila, ambaye bibi yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, alimwandika bibi huyo akibakiza chai.

CHANGAMOTO

Hapa kwa kawaida tungesema habari za sabuni na mashine mbovu. Leo changamoto yetu ni aibu.

Kamati ilituita mmoja mmoja. "Nani aliwapa aya hii?" Kila mmoja alijibu, "Mwalimu." Ni kweli ilitoka mkononi mwake. Hatukusema kwamba aliifuta, wala kwamba alitukataza. Tuliogopa kuitwa wezi wa mtihani, tukaacha aitwe yeye. Na kwa kuwa bahasha za mtihani hupitia masjala, kamati ikaona ameliona swali kabla. Akasimamishwa kazi. Huu ni mwezi wa saba yuko nyumbani. Sisi tukaandikwa kuwa tulipotoshwa, tukaruhusiwa kurudia, na wanane tukafaulu. Hivyo vyeti vilivyo mbele yako ndivyo hivyo.

Wanne wetu walikwenda nyumbani kwake, wakikusudia kumwambia. Binti yake alifungua mlango akauliza, "Mama, hawa ndio wanafunzi wako?"

"Ndio hao. Karibuni, karibuni. Marudio yamekuwaje?"

"Tumepita wanane, mwalimu."

"Wanane! Hongereni, jamani." Alipiga makofi. Halafu akasema, "Kwenye ile ripoti wameandika kwamba wanafunzi walisema niliwapa. Hivi nani alisema?"

Wanne wale walipokea vikombe. Wakanywa chai, wakaaga. Huyu anayesoma ni mmoja wao, na kikombe alikimaliza chote.

MAOMBI

Mheshimiwa, barua ya kumsimamisha ina sahihi yako. Hatukulaumu. Uliamini tuliyosema.

Tunaomba arudishwe kazini, na tunaomba ripoti iandikwe upya kwa majina yetu. Vyeti tunaomba usitukabidhi leo. Utaamua mwenyewe kama utatukabidhi siku nyingine au hutatukabidhi kabisa. Tungependa atusikilize akiwa hapa, ila jina lake halikuwa kwenye orodha ya getini.

Katika bahasha hii kuna maelezo kumi na moja, kwa Kiingereza, kila mmoja ameandika kivyake kwenye kona yake. Hakuna aliyesahihishiwa. Makosa ni mengi, mengine yatakuchekesha. Yalinganishe, Mheshimiwa. Hutapata sentensi mbili zinazofanana, isipokuwa moja ambayo hatukupatana tuiandike na bado imo katika karatasi zote: kwamba alitukataza.

Mwenyezi Mungu akulinde safarini, awape afya wagonjwa wanaolalia mashuka yetu, na amrudishie mwalimu wetu siku zake tulizomchukulia.

Ni sisi, watu kumi na mmoja wa chumba cha kufulia, wanafunzi wa karani wa masjala.