Sifuri ya Kwenye Chupa

Fundi Saa hakuwa amekaa kwenye benchi la kahawa tangu amzike kitinda mimba wake. Asubuhi hiyo alikaa, akatoa chupa ndogo ya maji ya sigara ya umeme, na karatasi ya maabara aliyoingojea miezi minne. Chupa hiyo alimnunulia mwanawe yeye mwenyewe, ili aachane na sigara za moto, kwa kuwa lebo ilisema nikotini sifuri. Karatasi ilisema kumi na nane.

— Miligramu kumi na nane kwa kila mililita, akasoma taratibu. Niambieni tu. Ni mimi niliyemlisha sumu hii?

Kipaza, kinyozi wa jirani, akakohoa.

— Mzee, ule ni mvuke. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona wingu, ujue ni maji tu.

— Shida ni joto, akasema Profesa, karani mstaafu. Chupa ilikaa dirishani, ikaumuka. Nikotini inazaana.

— Inazaana na nani? akauliza Kipaza.

— Na mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wewe shule ulipita nje. Mvutaji ni ile mashine ya maabara. Kutwa inaonjeshwa maji ya watu, imeshakolea. Hata ukiipa ya bomba itakwambia kumi na nane.

Benchi likacheka. Fundi hakucheka.

— Na mvuke hawakuupima, akasema. Yule mama wa maabara kasema kifaa cha kuupimia hawana. Kilichomo chupani wanakijua. Kilichoingia kifuani mwa mwanangu anakijua Mungu.

— Basi mwachie Yeye, mzee wangu, akasema Profesa. Kimya kingi kina mshindo.

— Nimemwachia. Namuuliza kila nikisali. Hajaniambia.

Mtu mmoja mwenye ovaroli, mgeni hapo, alikuwa amesimama akisubiri kikombe. Akaweka benchini chupa mpya, muhuri wake haujakatwa.

— Samahanini, wazee. Nimemnunulia binti yangu, aache sigara. Imeandikwa sifuri. Hii ina ngapi?

Profesa akaisoma lebo mara mbili. Kipaza akatazama viatu vyake. Fundi Saa akaichukua, akabana jichoni kioo chake cha kufanyia saa, akaiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa maangavu, hayana hata kichembe.

Mwenye ovaroli alikuwa bado anangoja.