Muuguzi Aliyeanzia Jikoni

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi wetu wa majumbani anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye karatasi za ofisi ana cheo kirefu. Kwa wagonjwa wa saratani ni Mama Vijiko, kwa kuwa mkoba wake haukosi vijiko vya plastiki.

Alianzia wodini, na miaka kumi na miwili iliyopita akaomba mwenyewe kuwafuata wagonjwa nyumbani. Alisema hospitalini tunaona dawa ikiingia tu. Inavyomtesa mtu, wanajua wanaoishi naye. Sisi tulidhani amechoka na zamu. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi.

Akifika kwa mgonjwa, salamu zikiisha, huingia jikoni kabla ya chumbani. Hufunua sufuria, hunusa, huuliza nani anapika. Mume mmoja, fundi viatu, alikuwa amenuna wiki nzima kwa sababu mkewe alisukuma kila sahani aliyopikiwa. Mama Vijiko akamweleza kwamba dawa imemharibia mkewe ulimi, kila kitu kina ladha ya chuma, na harufu ya kukaanga inamchefua. Chakula kipoe kwanza, kiwe kidogo, na kijiko kiwe cha plastiki. Mama wa watu akala nusu bakuli. Fundi akageukia dirishani, akasema moshi umemwingia machoni, ilhali jiko lilikuwa limezimwa.

Mizaha yake nayo iliponya. Mgonjwa mmoja aliyenyonyoka nywele aliambiwa sasa anafanana na mkuu wetu wa kitengo, tena yeye kapendeza zaidi. Mkuu alicheka, japo si papo hapo.

Kwenye homa hakuwa na mzaha. Kila nyumba aliacha kipimajoto na agizo moja: joto likifika thelathini na nane, piga simu kwanza, usimpe kidonge cha kutuliza homa, maana kinga ya mwili imeshuka na hilo ni jambo la kufa na kupona. Dereva wetu alilisikia agizo hilo milangoni mwa watu hadi akalijua kwa moyo. Kisha mke wake mwenyewe akaugua saratani.

Jumapili moja homa ikampanda mkewe. Dereva, anayejua kila neno, akakaa na simu mkononi. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Vijiko, na aliona haya kumsumbua. Bahati yao, yeye ndiye aliyepiga, kumjulia hali tu mgonjwa. Akasikia sauti ya dereva inasitasita, akaelewa. Walikutana mlango wa dharura, yeye akiwa na ndala miguuni. Daktari wa zamu alisema wangengoja hadi jioni, wangemkosa.

Mama Vijiko alimwambia dereva neno moja tu: “Kaka, nionee haya kwa mengine, si kwa hili.”

Mgonjwa yule alimaliza matibabu. Ijumaa atakuwa nasi ukumbini kumuaga muuguzi wake, na ameomba kuketi karibu naye.

Mama Vijiko, tunakushukuru, na tutakukosa sana. Tunakutakia mapumziko matamu, afya njema, na wajukuu wa kukudekeza. Lakini ikitokea siku mwili wako wewe ukachemka, tafadhali usikae na simu mkononi ukituhurumia. Piga, hata iwe Jumapili.